Ifike Mbali, Isifike Karibu: Mwongozo wa Kuchagua Jarida la Kinga ya Mionzi

Hongera, mtafiti. Kazi ngumu imekwisha. Umezunguka wilaya nzima na gari la idara, umekusanya udongo, umeukausha, umeusaga, umeuchekecha, ukauziba kwenye makopo ya plastiki na kuuacha karibu mwezi mzima ili radoni isitoroke na vizazi vya radiamu vifikie uwiano wake. Umebembeleza watu wakupe naitrojeni ya kimiminika ya kupoozea kigunduzi cha jemaniamu. Umeamka usiku kwenda kuangalia kama umeme umekatika. Au pengine wewe ni mtu wa hospitali: umejibanza kwenye kona ya chumba cha eksirei na mita yako ya dozi, ukiandika kilovolti za kila mgonjwa wa kifua, huku mtaalamu wa zamu akikuuliza kila baada ya nusu saa kama kweli hujatumwa na Tume ya Nguvu za Atomiki kuja kumkagua. Namba unazo. Grafu umeshachora. Limebaki jambo moja tu, nalo ndilo linalowaponza wengi: kuchagua jarida.

Kosa la watafiti wachanga ni kujiuliza, "Nani anahitaji kuyajua haya?" Swali hilo lina utu ndani yake, lakini utu hauna safu yake kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Wewe uliza, "Nani atanihesabia?" Ukishalizoea swali hilo, mengine yote yatajipanga yenyewe.

Kwa hiyo mlango wa kwanza kubisha ni wa kamati ya vyeo. Hawa ni watu wenye shughuli nyingi. Mbele yao kuna mafaili ya mwanahistoria, mtaalamu wa samaki, mhandisi wa barabara na wewe wa mionzi, na wote mnataka kuwa wahadhiri waandamizi kabla ya bajeti mpya. Hakuna aliye na nafasi ya kusoma habari za bekereli zako. Kuna namba moja inayowaokoa, nayo ni impakti fakta ya jarida. Inapatikana hivi: hesabu ni mara ngapi makala za jarida za miaka miwili iliyopita zimenukuliwa mwaka huu, kisha gawa kwa idadi ya makala hizo. Basi. Mzizi wake ni wazo la Mmarekani Eugene Garfield, aliyeandika mwaka 1955 kwenye jarida la Science kuhusu faharasa ya nukuu. Miaka ilipokwenda, namba hiyo ikawasaidia wakutubi kujua majarida gani yanafaa kununuliwa. Haikutungwa kumpima mtu. Lakini usiwaambie kamati hilo. Watakuona mjuaji, na mjuaji hupewa nafasi ya kujitetea mwakani.

Sasa msiba wako uko hapa. Fani ya kinga ya mionzi ni ndogo, wasomaji wake wanafahamiana kwa majina na kwa magomvi, na kazi zake huiva polepole. Vipimo vya chanzo fulani cha mionzi vinaweza kuhitajika miaka 20 baada ya kuchapishwa, siku mgodi unapofungwa au nyumba zinapotaka kujengwa pale. Namba ya Garfield imeshafunga hesabu zake tangu mwaka wa pili. Ndiyo maana majarida mengi ya fani hii yana impakti fakta inayochezea kwenye moja na mbili, wakati wenzako wa saratani wanatembea na makumi.

Dawa ipo: uvalishe utafiti wako nguo za watu. Kichwa kinachosema "Dozi za eksirei ya kifua katika hospitali tatu za mkoa" kitakuzika. Andika "Mfumo wa akili mnemba wa kutabiri hatari ya saratani itokanayo na mionzi ya kitabibu katika nchi zenye kipato cha chini." Hospitali ni zile zile tatu. Akili mnemba ni mstari ulionyooka uliochorwa na Excel. Saratani huna hata moja kwenye data yako, lakini ukizidisha dozi ndogo kwa idadi kubwa ya watu unapata wagonjwa wa kutosha kujaza aya. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, katika chapisho lake namba 103 la mwaka 2007, iliwaonya watu wasifanye hesabu za namna hiyo, yaani kukadiria vifo vya saratani kutoka kwenye vijidozi vidogo vilivyotapakaa kwa umati. Wewe linukuu chapisho hilo hilo katika utangulizi, kwa heshima zote, kisha endelea.

Ikiwa nguo hazikukaa vizuri na imebidi uingie kwenye majarida ya fani yenyewe, yafahamu tabia zake, maana kila moja lina wenyewe.

Health Physics ni la Chama cha Fizikia ya Afya cha Marekani, lilianza 1958, na mhariri wake wa kwanza alikuwa Karl Z. Morgan wa maabara ya Oak Ridge. Ni jarida la watu waliovaa dosimita kifuani maisha yao yote. Wanapenda kazi inayofanya kazi: kinga ya ukuta huu, uvujaji wa mtambo ule. Waingereza wana Journal of Radiological Protection, lililoanza 1981 kwa jina jingine kidogo, nalo ni la watu wanaopenda sera pamoja na fizikia. Radiation Protection Dosimetry, la mwaka huo huo wa 1981, liko chini ya Oxford siku hizi. Humo makongamano mazima hushushwa kwa mkupuo, kwa hiyo ukitaka kuingia bila kugombana na mlinzi, nenda kongamanoni kwanza. Wafaransa wanalo Radioprotection tangu 1966. Mtu wa udongo, maji na samaki hupiga hodi Journal of Environmental Radioactivity. Mtu wa seli na wa manusura wa Hiroshima na Nagasaki huenda Radiation Research, ambako ripoti ya 14 ya ufuatiliaji wa manusura hao ilitoka 2012.

Halafu kuna suala la madhehebu. Fani hii ina ugomvi wa miongo mingi ambao haujapata mshenga: je, dozi ndogo kabisa nayo ina madhara kidogo, kwa uwiano ule ule wa dozi kubwa, au kuna kiwango ambacho chini yake mwili haujali, au hata unafaidika? Mwaka 2005 wanazuoni wa Ufaransa walitoa ripoti ya kuutilia shaka ule uwiano. Mwaka uliofuata jopo la Marekani likachapisha yake, likaukubali. Kuna jarida linaitwa Dose-Response, na anayepeleka makala pale anajulikana amesimama upande gani hata kabla ya ikisiri kusomwa. Ushauri wangu kwa asiye na msimamo ni rahisi. Chunguza nani atakuwa mtahini wako wa nje, angalia yeye huchapisha wapi, kisha upate msimamo.

Hapa lazima nikutahadharishe na mtu mmoja aliyechagua jarida vibaya kuliko wote. Desemba 28, 1895, profesa wa Würzburg aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen aliwapelekea jamaa wa chama cha fizikia na tiba cha mji wake makala fupi kuhusu aina mpya ya miale. Hakuisoma kwenye mkutano. Aliomba tu iingizwe kwenye kumbukumbu zao za mwaka huo. Siku ya Mwaka Mpya tayari alikuwa na nakala mkononi anazituma kwa marafiki, na mkewe alishatolewa picha ya mifupa ya mkono na pete yake. Yaani mtu amegundua eksirei, anazipeleka kwenye chapisho la chama cha mtaani kwake! Bila wahakiki wawili wasiojulikana, bila impakti fakta, bila faharasa yoyote. Mbele ya kamati yetu angepewa alama nusu, na maelekezo kwamba ajitahidi kuchapisha kwenye majarida ya kimataifa yanayotambulika. Waliompa Nobel ya kwanza ya fizikia, mwaka 1901, ni dhahiri hawakuwa na fomu sahihi.

Turudi kwenye udongo wako, kwa sababu hapo ndipo penye wali na nazi.

Makala ya mionzi ya asili katika udongo ina kanuni ya mapishi, na ukishaijua unaweza kupika wilaya kwa wilaya hadi ustaafu. Pima radiamu, thoriamu na potasiamu. Linganisha na thamani za dunia zilizo kwenye ripoti ya mwaka 2000 ya kamati ya kisayansi ya Umoja wa Mataifa ya mambo ya mionzi, iliyoundwa 1955: 35, 30 na 400, zote bekereli kwa kilo. Kisha chukua radiamu, ongeza thoriamu iliyozidishwa kwa 1.43, ongeza potasiamu iliyozidishwa kwa 0.077. Jibu likiwa chini ya 370, shukuru Mungu na uandike kwamba wananchi wasiwe na hofu. Likizidi, shukuru zaidi, maana hapo una makala mbili.

Hiyo kanuni ya 1.43 na 0.077 ilipata umaarufu wake kwenye makala iliyotoka Health Physics mwaka 1985. Makala ilihusu nini? Vifaa vya ujenzi vya Australia, pamoja na mabaki ya viwandani ambayo watu walifikiria kuyageuza tofali na zege. Swali lake lilikuwa la mtu anayelala ndani ya kuta nne zilizotengenezwa kwa kitu hicho. Tangu hapo kanuni hiyo imepakwa kwenye mchanga wa pwani, matope ya ziwa, majani ya chai na shamba la mihogo ambalo hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kutaka kulijengea nyumba. Usihangaike na hilo. Jarida ulilolichagua likiwa limeshachapisha makala arobaini za namna hiyo, ya arobaini na moja haiulizwi. Na ukiwanukuu wale arobaini, nao watakunukuu, na hivyo ndivyo impakti fakta inavyolishwa ikanenepa.

Lakini wahariri wa majarida makubwa wameanza kushtuka. Baadhi wameandika wazi kwenye maelekezo yao kwamba vipimo vya kawaida vya eneo fulani, visivyo na swali jipya, visiletwe. Sitawalaumu kwa hilo. Mimi mwenyewe nikiona kichwa cha makala kinachoanza na "Tathmini ya viwango vya mionzi asilia katika…" najua matokeo kabla sijafungua. Ninachowalaumu ni barua inayofuata, ile yenye mistari mitatu, isemayo kwamba kazi yako ni nzuri ila ina umuhimu wa kienyeji.

Ichunguze barua hiyo kwa karibu, mtafiti, maana utaipata zaidi ya mara moja. Radoni ya Cornwall, inayotoka kwenye matale ya Uingereza, ni suala la sayansi. Mchanga wa Kerala, chemchemi za Ramsar kule Iran na fukwe za Guarapari za Brazil ni maabara za asili za dunia. Kilima cha Mrima pale Kwale, chenye thoriamu ya kumfanya mpimaji aiangalie mita yake mara mbili, ni umuhimu wa kienyeji. Vijiji vyote hivyo ni vya kienyeji kwa wenyeji wake. Kilichowatoa Ramsar kijijini ni watu kwenda, kupima, kurudi, kufuatilia afya za wakazi miaka na miaka, na kuuliza kitu ambacho mtu wa Osaka au Stockholm naye anataka kujua jibu lake. Kazi hiyo inachosha na mwongozo huu hauipendekezi. Inatosha kubadili neno "Kwale" kwenye kichwa cha makala likawa "Afrika chini ya Sahara". Sampuli 12 zinatosha kabisa kuliwakilisha bara.

Nikitenda haki, niseme kwamba milango hiyo haijafungwa kwa kufuli. Machimbo ya fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, ambako mwamba wenyewe una radiamu nyingi kuliko udongo wa kawaida kwa mbali sana, yalipata ukurasa wake kwenye Journal of Radiological Protection mwaka 2000. Waandishi walikuwa na sababu inayoeleweka popote: mwamba huo husagwa kuwa mbolea, na watu na mifugo wako pale pale. Sijui kama mkulima yeyote anayenunua mfuko wa mbolea ya Minjingu amewahi kuiona makala hiyo. Lakini ilihesabiwa, na hesabu ndiyo mada yetu.

Kuhusu fedha sitakaa sana, maana mkono mtupu haulambwi na wewe unalijua hilo. Kuna njia mbili. Ya zamani: huchangii kitu, msomaji ndiye analipa. Ya kisasa, ya ufikiaji huria: msomaji hasomi kwa fedha, wewe ndiye unalipa, na ada ya dola 2,000 au 3,000 si ya kushangaza. Zibadilishe kwa shilingi ukiwa umekaa. Fedha hizo zinanunua aproni za risasi kadhaa kwa chumba kile cha eksirei ulichopimia, ile iliyopo ikiwa imepasuka ndani kwa kukunjwa badala ya kutundikwa. Majarida yaliyo huria kabisa mara nyingi husamehe ada kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, ila uombe unapowasilisha, usingoje ankara. Majarida mseto, yenye njia zote mbili, mara nyingi hayasamehi: yanakuelekeza kwa upole kwenye njia ya zamani, ya bure kwako. Ipite. Kisha rudi kwenye ukurasa wa kwanza wa mwongozo huu na ujikumbushe kwamba hukuwa unamtafuta msomaji.

Kwa asiye na subira, iko njia ya tatu, na hiyo haikutaki uitafute. Itakuja yenyewe kwenye barua pepe, saa tisa za usiku:

"Mheshimiwa Sana Profesa Daktari! Salamu za siku! Tumeisoma kwa furaha makala yako tukufu kuhusu Udongo. Kwa kutambua mchango wako mkubwa, tunakualika uandike kwenye toleo letu maalumu la Maendeleo ya Kimataifa ya Meno, Nyuklia na Uongozi wa Biashara. Uhakiki ni wa siku tatu. Tungeshukuru kupata hata kurasa mbili kabla ya Ijumaa."

Usiulize meno yameingiaje. Usiangalie bodi ya wahariri, ambako utakuta profesa aliyefariki na mwingine asiyejua kwamba yumo. Usitafute jina la jarida kwenye orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, wala usiulize kama ni wanachama wa kamati ya maadili ya uchapishaji. Zaidi ya yote, usilinganishe anwani ya tovuti na ile ya jarida halisi lenye jina hilo hilo, kwa maana siku hizi wapo wanaokopi jarida zima, nembo na namba ya usajili, wakabadilisha akaunti ya benki tu. Mkutubi mmoja wa Colorado, Jeffrey Beall, aliweka orodha ya wachapishaji wa namna hii hadi Januari 2017 alipoifuta. Tangu hapo kila mtu anajitegemea, na soko halina malalamiko.

Ukihofia kwamba wahakiki wa siku tatu watagundua makosa kwenye kazi yako, tulia. Jambo hili limeshapimwa, tena kwa mionzi. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alieleza kwenye Science jinsi alivyotunga makala ya uongo kuhusu molekuli ya kuvumwani inayodaiwa kuua seli za saratani. Mmoja wa waandishi wake wa kubuni alikuwa mwanabiolojia wa taasisi ya kubuni, na mji aliomweka ni Asmara, hapa hapa jirani. Sehemu tamu ni hii: makala ilidai kwamba molekuli hiyo huongeza nguvu ya mionzi dhidi ya saratani. Seli zilizopewa molekuli zilipigwa mionzi. Seli za kulinganishia hazikupigwa mionzi hata kidogo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili wa radiografia angelishika kosa hilo akiwa kwenye daladala. Makala ilitumwa kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Yaliyoikubali ni 157. Yaliyoikataa ni 98. Mengine yalikuwa yamekufa au bado yanatafakari.

Kuna wanaosema Bohannon hakutenda haki, kwa kuwa hakuyajaribu majarida ya kulipia kusoma, na wana hoja. Kwetu sisi somo ni la kutia moyo: uwezekano wa kukubaliwa kwa mtafiti asiyepo, wa taasisi isiyopo, ulikuwa zaidi ya nusu. Wewe upo. Una hata kitambulisho cha kazi.

Tuseme basi umeamua, jarida limepatikana, unawasilisha. Utaombwa upendekeze wahakiki. Wataje wale unaowanukuu mara nyingi, na uwe umewanukuu mara nyingi kwa sababu hiyo. Tarajia kwamba mhakiki wa kwanza atasema makala ni nzuri, na mhakiki wa pili atataka unukuu kazi sita ambazo kwa bahati zote zina jina moja la mwandishi. Atasema pia Kiingereza kipitiwe na mzawa wa lugha, hata kama mwandishi mwenzako amezaliwa Leeds. Atauliza kwa nini ulipima hospitali tatu tu. Usimwambie kwamba ya nne mashine ilikuwa mbovu tangu Februari. Andika: "Tunamshukuru mhakiki kwa hoja hii ya thamani, suala hili limejadiliwa sasa kama ukomo wa utafiti." Sentensi hiyo inafaa kwa kila kitu. Inafaa hata pale alipokuwa na haki, na kwa masikitiko yetu huwa ana haki mara nyingi: ukiulizwa kutokuwa na uhakika kwa kipimo chako ni asilimia ngapi, jibu la kweli lingekusaidia kuliko shukrani.

Limebaki onyo moja, nalo ni kuhusu majarida ya nyumbani. Yapo, na hilo ndilo tatizo lake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa Tanzania Journal of Science. Kuna jukwaa la majarida ya Kiafrika linaloendeshwa kutoka Afrika Kusini, ambako makala nyingi hufunguka bila kulipia. Mtu wa Songea mwenye simu na bando la wiki anaweza kuisoma kazi yako akiwa kituo cha basi. Fikiria hatari hiyo! Anaweza kutambua hospitali yake. Anaweza kuona kwamba dozi ya eksirei ya kifua kwa watoto kwenye chumba chake ni mara kadhaa ya chumba cha jirani chenye mashine ile ile, na kwamba tofauti imetokana na jedwali la watu wazima lililobandikwa ukutani bila mtu kuligusa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wahenga hawakuwahi kukaa mbele ya kamati ya vyeo.

Vivyo hivyo jiepushe na tabia iliyoanza kuzuka ya kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye namba tatu na mchoro, ukaupeleka kwa mganga mkuu wa mkoa na kwa wakaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomiki. Ukurasa huo hauna namba ya kidijitali, hauingii kwenye faharasa yoyote, na mbaya zaidi unaweza kusababisha mtu abadilishe kilovolti. Kuna viwango rejea vya dozi kwa wagonjwa, wazo ambalo ile tume ya kimataifa ililipa jina mwaka 1996, na viwango hivyo hutungwa kutokana na vipimo vya hospitali kama zile tatu zako. Nchi isiyo na vipimo vyake huazima vya Ulaya. Ukianza kumpelekea mkaguzi namba moja kwa moja, utajikuta umealikwa kwenye kikao, kikao kitazaa kamati, kamati itakutaka uandae mwongozo wa taifa, na mwongozo wa taifa, kama unavyojua, hauna impakti fakta.

Hata ukifuata maelekezo haya yote, ajali hutokea. Makala yako itatoka, ndani ya jarida ambalo kuifungua mara moja tu ni dola 30 na ushee, nawe utaiweka kwenye CV na kusahau. Kisha siku moja simu italia. Ni yule mtaalamu wa mionzi wa hospitali ya wilaya, aliyekushikia kamba ya kupimia umbali siku ile. Amesikia kazi imetoka. "Daktari, shikamoo. Tunaweza kuiona?" Mikataba mingi ya wachapishaji inakuruhusu kumtumia mtu nakala kwa matumizi yake binafsi, na mara nyingi rasimu iliyokubaliwa unaweza kuiweka kwenye hazina ya chuo, lakini hilo linahitaji kusoma mkataba uliousaini, na nani ana muda huo. Mtumie kiungo. Akikupigia tena kusema kiungo kinadai kadi ya benki, mpongeze kwa kufika hadi hapo. Na akikuuliza lile swali la mwisho, kwamba basi kesho asubuhi aweke kilovolti ngapi kabla mtoto wa kwanza hajapanda mezani, mjibu kwa upole kwamba jambo hilo limependekezwa kwa utafiti zaidi.